Mistari Miwili Baada ya Chai

Mama yangu aliuza mitumba sokoni Tala, na kabla sijajua kusoma nilijua kugeuza nguo ndani nje. Shati lingeweza kung'aa mbele ya mnunuzi, lakini mama alitaka kuona mshono, kwapa na ndani ya kola. Aliniambia kwamba mtu anayekuonyesha upande mmoja tu ana sababu yake. Nikakua hivyo. Nilipopata kazi ya maabara katika hospitali moja mjini Machakos, miaka ya tisini ikielekea kwisha, tabia hiyo ilinifaa. Kitu kilichopimwa na mwenzangu nilikipima tena. Wenzangu walinitania, lakini makosa yangu yalikuwa machache na nilijua hivyo.

Siku hizo, mtu aliyetaka kujua kama ana virusi vya UKIMWI alitolewa damu, damu ikapelekwa Nairobi kwenye mashine kubwa, na jibu likarudi baada ya wiki mbili au tatu. Kuna majibu ambayo hayakurudi kabisa. Watu hawakuipenda safari hiyo ya damu. Kila mahali palikuwa na uvumi wa waabudu shetani, na si mmoja wala wawili walioniuliza, mkono tayari umefungwa mpira, hiyo nthakame yao, yaani damu, ilikuwa inaenda kufanya nini Nairobi. Niliwaeleza. Walinisikiliza huku macho yao yakifuata sindano.

Ndipo akaja daktari kutoka Nairobi, mwanamke wa makamo, mpole, na katoni nne kwenye gari. Alikuwa miongoni mwa watu waliokuwa wakitengeneza kipimo cha haraka. Kilikuwa kadi ya plastiki yenye urefu wa kidole, na katikati yake kidirisha. Unadondosha tone la damu upande mmoja, unaongeza matone mawili ya maji maalumu, na yale maji yanaipandisha damu taratibu kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Kama damu ina kingamwili, wale askari ambao mwili huwatengeneza ukivamiwa na virusi, mstari wa zambarau unajichora kwenye kidirisha. Mstari wa pili hujichora kwa kila mtu, kuonyesha tu kwamba kadi inafanya kazi. Kwa hiyo mstari mmoja ni salama, na miwili ni virusi. Jibu linapatikana kwa dakika kumi na tano, na damu haiendi popote.

Lakini kadi zilikuwa bado hazijaruhusiwa kutumiwa kwa wagonjwa. Kazi yetu ilikuwa kukipima kipimo chenyewe. Kila damu ingepewa namba badala ya jina, tungeijaribu kwa kadi, na iliyobaki ingepelekwa Nairobi kwa mashine kubwa. Majibu ya mashine yangefungiwa kwa daktari mpaka mwisho wa zoezi, ili sisi tusisome kadi tukiwa tunajua jibu. Waliojitolea damu wangeambiwa yale ya mashine tu. Daktari alitupa maelezo yaliyopigwa taipu kwenye karatasi moja. Mstari wa mwisho ulisema: soma baada ya dakika kumi na tano.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa huyo daktari. Nilijiuliza kwa nini mtu aliyetengeneza kitu awape wageni wakitafutie dosari. Kwetu Tala hakuna muuzaji anayekuonyesha tundu la sweta lake. Niliona anataka saini zetu tu, ili kadi zake zipite.

Wa pili niliyemshuku alikuwa mwenzangu, na huyo ndiye ninayetaka kumweleza. Alikuwa mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu, mtu wa Masii, aliyekaa kwenye darubini kabla mimi sijazaliwa. Miwani yake ilikuwa na mguu mmoja uliofungwa kwa uzi. Aliniita mwaitu, mama yangu, kama wazee wa Ukambani wanavyowaita wasichana kwa heshima, na nilipoanza kazi ndiye aliyenionyesha namna ya kushika mkono wa mtoto anayelia bila kumuumiza. Yeye alipewa kazi ya kusoma kadi. Mimi nilitoa damu, nikaandika namba na kupanga kadi kwenye sinia. Alikuja na saa yake ndogo ya mezani, ile ya kutia ufunguo, akaitega, na ilipolia alisoma kadi moja baada ya nyingine, akaandika kwenye fomu, kisha akaenda kunywa chai.

Nami, yeye akishatoka, nilirudi kwenye sinia.

Sikumwambia. Niliziinua kadi moja moja dirishani na kuzitazama. Siku ya kwanza hazikuwa na neno. Siku ya tatu niliona kadi ambayo yeye aliiandika kuwa na mstari mmoja, na mimi naiona ina miwili. Wa pili ulikuwa hafifu, kama chaki iliyofutwa vibaya ubaoni, lakini ulikuwepo. Niliisogeza kwenye mwanga, nikaifunika kwa kiganja, nikaitazama tena. Ulikuwepo.

Nilidhani ni macho yake. Nikaanza kumchunguza akivuka barabara, akisoma gazeti, akitia uzi kwenye kifungo cha koti lake jeupe. Alitia uzi mara ya kwanza, bila taabu. Basi, nikajiambia, kama si macho ni kitu kingine. Wiki hiyohiyo nilimwona daktari wa Nairobi akimwita pembeni karibu na gari lake na kumpa bahasha ya kaki. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaitia ndani ya koti, akatazama huku na huku. Hapo nikawa nimejibiwa. Kadi zilikuwa zikikosea, na mzee alikuwa amepewa kitu ili aandike kwamba hazikosei.

Nikaanza kuweka ushahidi. Kila kadi niliyoikuta na mstari hafifu niliitia kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na kipande cha karatasi chenye namba na alichokiandika mzee. Nyumbani nilipika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, nikiwa sina hamu ya kula. Kazini nilimsalimia kama kawaida, naye aliniuliza habari za mama kama kawaida, na kila alipoondoka nilirudi kwenye sinia. Nilikuwa nimesahau kuogopa kwamba ninaweza kukosea. Kopo lilikuwa linajaa.

Lilipofika nusu nilimwandikia barua mkuu wa hospitali.

Tuliitwa ofisini wote watatu, mzee, daktari na mimi. Kopo lilimiminwa juu ya meza. Mistari hafifu niliyoiona baada ya chai sasa ilikuwa imekolea, ikaonekana hata kwa mtu aliyesimama mlangoni. Mkuu wa hospitali alizitazama kadi, akaitazama fomu, kisha akamtazama mzee.

"Niliandika nilichokiona," mzee alisema.

Aliulizwa mara tatu, akajibu hilohilo mara tatu. Mkuu alimtaka daktari afungue majibu ya mashine ili mambo yaishe, lakini daktari alikataa. Alisema yakifunguliwa kwa ajili ya ugomvi zoezi lote linakufa, na miezi yote ya damu za watu inapotea bure. Kukataa kwake nilikuona ni uthibitisho mwingine. Kuhusu bahasha, niliyoitaja kwenye barua, daktari alisema ilikuwa barua ya kumpeleka mke wa mzee kwa mtaalamu wa figo Nairobi, na mzee hakutaka hospitali nzima ijue. Mzee aliinamisha kichwa. Nilisikia maelezo hayo na sikuyaamini.

Wiki iliyofuata alihamishiwa zahanati ya Masii. Hakupewa onyo kwa maandishi wala hakuambiwa kwamba ana hatia, alihamishwa tu, na kila mtu akaelewa. Aliifunga saa yake kwenye taulo, akaaga watu wa maabara mmoja mmoja, na alipofika kwangu alisema, "Haya, mwaitu," akanipita.

Kusoma kadi kukawa kazi yangu. Nilisoma kwa saa ya ukutani, dakika kumi na tano, kisha nikanywa chai, kisha nikarudi kuhakikisha, na nililoliona mara ya pili ndilo nililoliandika, kwa sababu kwangu mara ya pili daima ilikuwa ya kweli zaidi. Fomu zilipofika Nairobi daktari alipiga simu. Mistari miwili ilikuwa imeongezeka ghafla tangu mzee aondoke. Nilimwambia, na nasikia aibu kulikumbuka jambo hili, kwamba bila shaka imeongezeka, kwa kuwa sasa hakuna anayeificha.

Akasema atafungua ukurasa wa mwezi huo tu, kwani sasa hana budi. Siku mbili baadaye alipiga tena.

"Kadi zako zinaona virusi mahali mashine haioni," alisema. "Nyingi. Kuna kitu kimeharibika."

Alishuku joto. Machakos si Nairobi, pengine katoni zilikaa juani. Mimi nilimshuku mtunza stoo, nikaanza kumuuliza funguo ziko kwa nani na nani. Nilihesabu upya katoni. Nilishuku hata mvulana wa kufagia. Hakuna niliyemwacha, isipokuwa mtu mmoja.

Aliyeniokoa ni mfanyabiashara wa mbuzi. Alikuwa mtu wa asili ya Kisomali aliyekaa mjini, akinunua mbuzi Masii na Katelembo na kuwauza Nairobi, mtu mrefu wa maneno machache. Alitaka kujitolea damu kwa sababu mke wake alikuwa njiani kuja kutoka Garissa baada ya kutengana muda mrefu, naye hakutaka kumpokea bila kujua. Lakini alikuwa na sharti. Damu yake isitoke machoni pake mpaka aione kadi. Nilimweleza kwamba haturuhusiwi kumwonyesha mtu kadi, kwamba jibu la kweli litatoka Nairobi. Alisema basi na damu itabaki mkononi mwake. Nilihitaji watu, nikakubali.

Alikaa kwenye kiti cha mbao mbele ya sinia na kuitazama kadi yake kama anavyotazama mbuzi wa mtu anayemharakisha. Dakika kumi na tano zilipotimia nilimwonyesha. Mstari mmoja. Aliushika ukingo wa meza, akasema maneno ya kumshukuru Mungu, akaenda kuswali adhuhuri. Hakuna mtu mwingine aliyeingia maabara. Mimi nilikaa palepale nikibandika namba kwenye chupa, sinia mbele yangu.

Aliporudi aliomba kuiona tena, kuaga tu. Aliinama. Akabaki ameinama.

"Dada," alisema polepole, "hii kadi ilikuwa na mstari mmoja. Sasa iko na miwili. Nani amekuja hapa?"

Nikatazama. Kweli, ilikuwa miwili, na wa pili ulikuwa hafifu kama chaki.

"Hakuna aliyekuja," nilimwambia.

"Basi mimi nimepata ugonjwa msikitini?"

Hakuwa anatania. Midomo yake ilikuwa mikavu. Nilimwambia akae, nami nikakaa. Mzee hakuwepo, wala daktari. Stoo ilikuwa imefungwa. Mtu pekee aliyekuwa na kadi ile tangu mwanzo mpaka mwisho nilikuwa mimi, na mtu huyu alikuwa shahidi kwamba kadi ileile ilisema jambo moja kabla ya swala na jingine baada yake. Nilimsihi asiamini mstari wa pili. Aliniuliza kwa nini basi aamini wa kwanza. Nilimwambia nitaipeleka damu yake Nairobi siku hiyohiyo.

Alipoondoka nilifunga mlango, nikajichoma kidole. Damu yangu ilikuwa imepimwa na mashine kubwa mara mbili, na mara zote mbili ikawa salama. Nikaidondosha kwenye kadi mpya, nikaweka karatasi na kalamu kando, nikaanza kuandika kila baada ya dakika tano. Dakika ya kumi na tano, mstari mmoja. Ishirini, mmoja. Dakika ya ishirini na tano niliona kivuli. Ya thelathini na tano sikuhitaji kwenda dirishani. Kadi ilikuwa inakauka, na jinsi ilivyokauka ndivyo rangi iliyobaki kwenye utambi wake ilivyonasa mahali ambapo mstari wa pili ungekuwa.

Kwa pumzi kadhaa, nikijua nijuayo, nilikuwa mwanamke mwenye mistari miwili. Nilifikiria mama. Ndipo nikaelewa yule mwenye mbuzi alitoka pale akiwa amebeba nini.

Nilirudia kwa kadi ya pili na ya tatu. Zote zilifanya vilevile. Kwenye maelezo yaliyopigwa taipu palisemwa wakati wa kusoma, hapakusemwa wakati wa kuacha kusoma. Mzee alisoma saa ilipolia akaziacha. Mimi ndiye niliyerudi, siku nyingine mapema, siku nyingine nimechelewa, na kila nilipochelewa nilikuta uongo ambao muda wangu mwenyewe ulikuwa umeuchora.

Nilimpigia daktari, nikamweleza yote, pamoja na chai, na kopo, na kwamba hata mwezi huu nilikuwa nikiandika la mara ya pili. Nilitegemea ukali. Aliniuliza tu kivuli kilionekana dakika ya ngapi, nikamsikia akiandika. Baadaye alikuja Machakos na majibu yote, zoezi lenyewe likiwa limesimamishwa ili lianze upya. Alifungua kurasa za mzee mbele yangu. Safu kwa safu zililingana na mashine, isipokuwa moja tu, na kando ya hiyo moja mzee alikuwa ameandika alama ya kuuliza.

Daktari aliitazama alama ile muda mrefu. Alisema alipaswa kuyafungua majibu siku ile ofisini, hata kama zoezi lingekufa.

Jibu la mwenye mbuzi lilirudi salama. Alilisikiliza amesimama, akauliza kama hili nalo litabadilika akienda kuswali. Nilimwambia halibadiliki. Alikuja tena wiki iliyofuata, na tena, akiuliza swali lilelile kwa upole, na kila mara nilimtolea karatasi akaisoma mwenyewe. Mke wake alikuwa amefika. Sijui kama alipata kuliamini kabisa.

Nilikwenda Masii siku ya soko. Zahanati ilikuwa imejaa, na mzee alikuwa kwenye darubini akisoma malaria, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Nilimsubiri mpaka akamaliza foleni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Machakos, lakini nilipoanza yalitoka ovyo, kadi, chai, dakika, kopo. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alifuta kioo cha darubini kwa kitambaa.

"Ungeniuliza," alisema. "Mimi nilijua zinageuka. Nilidhani hata wewe unajua."

"Mbona hukusema ofisini, mzee?"

"Niliulizwa kama niliandika uongo. Hakuna aliyeniuliza juu ya kadi." Akakiweka kitambaa chini. "Na wewe, mwaitu, ulikuwa unaangalia mimi. Kadi hukuwa unaiangalia."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Nilimwambia hospitali iko tayari kumrudisha, akasema hapana, hapa yuko karibu na shamba, na mke wake akiumwa anafika nyumbani kwa miguu. Alitaka kitu kimoja tu, barua yenye muhuri ikisema kwamba alichokiandika kilikuwa sawa. Watoto wake walikuwa wamesikia kwamba baba yao alihamishwa kwa kula rushwa.

Barua ile niliiandika mara tatu. Mkuu wa hospitali hakutaka neno kosa, alitaka liandikwe hitilafu. Nilimwambia hitilafu ni ya mashine. Tulivutana siku kadhaa, mwishowe akaipiga muhuri kama nilivyoiandika, jina langu likiwa mbele ya kosa. Daktari aliongeza ya kwake. Nilizipeleka Masii mwenyewe. Mzee alizisoma zote mbili taratibu, akazikunja, akazitia kwenye mfuko wa shati ndani ya koti. Aliniuliza mama hajambo. Nikasema hajambo. Kisha akaniambia kuna mgonjwa anasubiri.

Miezi michache baadaye zililetwa kadi mpya. Utambi wake ulikuwa umebadilishwa, na kwenye maelezo, chini ya dakika kumi na tano, palikuwa pameongezwa mstari kwa herufi nzito: usisome baada ya dakika ishirini. Miaka iliyofuata, vituo vya ushauri na upimaji vilipofunguliwa kila mji, niliwafundisha vijana wengi kusoma kadi za namna hiyo, na nilizoea kuwaambia kwamba zikishasomwa zitupwe palepale. Hata hivyo, nao wakitoka kwenda chai, mara nyingi nimejikuta nimesimama karibu na ndoo ya takataka nikiangalia kilichomo.